Zamu ya Khalfani

Jumatatu, 23 Machi

Naanza kuandika leo kwa sababu nitashinda, na mtaani kwetu mtu akishinda, kila mwenye mdomo hudai ndiye aliyemfundisha. Safari hii ushahidi nitauweka mwenyewe.

Mashindano ni tarehe 23 Mei. Ni ya wanawake, kunyanyua chuma kutoka sakafuni mpaka usimame wima, basi. Mshindi mmoja tu ndiye anayeingia timu ya mkoa kwenda Mwanza. Wa pili anapewa soda. Mwaka jana nilikuwa wa pili, na soda yenyewe ilikuwa ya moto. Aliyenishinda ni Violeth wa Keko, mwenye mabega mapana kama mlango wa stoo na maringo ya kuwatosha watu watatu. Mwisho wa umri wa kushiriki ni miaka thelathini na tano. Ndiyo niliyonayo, na Novemba naivuka. Kwa hiyo kwangu mimi hakuna mwakani.

Mchana nauza vitambaa vya jumla dukani kwa Bi Sitara, Mtaa wa Mchikichi. Mwanamke mwingine akiona jora la kitambaa anaona gauni. Mimi naona mazoezi ya mgongo. Bi Sitara hajaajiri mbebaji tangu nilipofika, na hajawahi kunishukuru kwa hilo.

Idi imepita, waliofunga wamerudi kwenye tizi. Nimewatania vitambi vyao mpaka wakanuna.

Jumatano, 25 Machi

Tunafanyia mazoezi uani kwa Mzee Bushiri, nyuma ya Mtaa wa Sikukuu. Wenye uwezo wao wana majim ya vioo na viyoyozi. Sisi tuna ua, ukuta wenye ukungu, na chuma kimoja. Uzito wetu ni saruji iliyomwagwa kwenye ndoo ikakauka, pamoja na gia za malori. Kila kimoja kilipimwa kwenye mizani ya mchele ya sokoni, kikaandikwa kilo zake kwa rangi nyekundu.

Kwa kuwa chuma ni kimoja, Mzee Bushiri ana sheria yake. Ukishamaliza seti yako, humwachii mwenzako chuma hivi hivi. Unampangia uzito anaoutaka, unasimama karibu naye mpaka amalize, ndipo unakwenda mkiani mwa foleni. Foleni yetu ni Samson aliye fundi magari wa Gerezani, Beno aliye mchukuzi wa sokoni, mimi, na Khalfani.

Khalfani ndiye mtihani wangu. Anakaanga samaki soko la Feri, anakuja akinukia mafuta ya jana, na hawezi kushika chuma kabla hajamaliza hadithi. Hata kama chuma kimeshapangwa, hata kama mikono imeshapakwa chaki, yeye anasimama juu ya chuma anasimulia. Leo ni habari za mama mmoja anayekuja Feri kila Jumamosi na gari jeupe lenye dereva, ananunua vichwa vya changu ishirini, miili haitaki.

"Hataki hata kuiona," akasema Khalfani. "Namkatia vichwa, anageuza uso."

"Khalfani, fupisha! Tunangoja."

"Hyasinta, hadithi si suruali, dada yangu. Haifupishwi."

Samson akacheka mpaka akakaa. Mimi sikucheka. Misuli yangu ilikuwa imeanza kupoa, na kwenye akili yangu Violeth alikuwa Keko ananyanyua.

Ijumaa, 27 Machi

Kilo mia na thelathini, mara tatu, seti nne. Nimekiweka chini kwa upole kama mama anavyomlaza mtoto. Mvua imeanza jioni.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua. Nimenyanyua vizuri. Khalfani kasimulia, nimemwambia afupishe, hakufupisha.

Alhamisi, 2 Aprili

Masika imeingia kwa miguu yote miwili. Magari hayaingii vichochoroni, kwa hiyo wachukuzi wanatafutwa mara mbili ya kawaida, na Beno hana nafasi. Magari yaliyoingia yamekunywa maji mpaka kwenye injini, kwa hiyo Samson naye hana nafasi. Khalfani ametuma ujumbe: mwenzake Fikirini, anayepokezana naye karai la kukaangia, amelazwa kwa homa. Atakaanga asubuhi na jioni mpaka apone.

Mimi peke yangu ndiye nisiye na kazi. Nani ananunua vitambaa kwenye mvua hii? Saa tisa tu Bi Sitara anafunga.

Nimefika uani nikakuta chuma kimelala peke yake chini ya bati. Hakuna foleni, hakuna hadithi, hakuna vichwa vya changu. Mungu anampenda Hyasinta.

Jumanne, 7 Aprili

Pasaka njema. Leo nimemaliza seti zote kabla mtu hajamaliza kunywa chai. Nanyanyua, nakiweka chini, navuta pumzi kumi, nanyanyua tena. Jasho linatoka kama nimetumbukia baharini Magogoni. Hivi ndivyo mtu anavyojenga moyo. Muda wote ule niliopoteza nikisimama nyuma ya wanaume, ningekuwa bingwa wa Afrika sasa hivi.

Mzee Bushiri amechungulia dirishani, akauliza, "Mbona mbio? Unafukuzwa?"

"Shikamoo, Mzee. Sifukuzwi, nafukuza."

"Marahaba. Basi usianguke." Akafunga dirisha.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua. Mbio. Safi.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Nimechoka kidogo, nadhani ni hewa.

Jumatano, 15 Aprili

Mia na thelathini imegoma kwenye seti ya pili.

Ijumaa, 17 Aprili

Imegoma tena, na safari hii kwenye seti ya kwanza. Nimevua viatu nikajaribu pekupeku. Nimekaza mkanda, nimelegeza mkanda. Nimekitukana. Kimekaa pale pale kama mpangaji asiyelipa kodi.

Jumatatu, 20 Aprili

Nina akili zangu timamu, lakini leo nimefanya jambo ambalo Kariakoo nzima itanicheka ikilijua, na imeshalijua.

Usiku kucha niliwaza: mimi sijapungua, nakula vizuri, nalala vizuri. Kama mimi ni yule yule, basi kilichobadilika ni chuma. Mvua hii imenyesha wiki tatu, saruji inanyonya maji, na uzito wetu ni saruji. Kwa hiyo saruji imekunywa maji ikawa nzito! Nilifurahi mpaka nikakaa kitandani. Asubuhi kabla ya kazi nikabeba ndoo mbili za saruji, moja kila mkono, nikaenda nazo sokoni kwa mwenye mizani ya mchele, mvua ikinipiga.

Mwenye mizani alinitazama, akaitazama saruji. "Dada, hii unaiuza kwa kilo?"

"Pima tu, kaka yangu."

Akapima. Uzito ulikuwa ule ule ulioandikwa kwa rangi nyekundu. Nikamwambia apime tena. Ukawa ule ule. Watu walikuwa wameshajaa, na mmoja akauliza kama nchi imeishiwa mchele. Nimerudi na saruji yangu, nimelowa mpaka mfupa, na sasa sina wa kumlaumu.

Bi Sitara ameniona navyotembea akaniita nyuma ya pazia. "Mwanangu, wewe umetazamwa. Ulijitangaza mno mtaa mzima kwamba utashinda. Husuda hiyo."

"Bi Sitara, nikitazamwa si ndiyo nguvu zinazidi?"

"Hayo ndiyo maringo yaliyokuponza," akasema, akanipa chai ya tangawizi. Chai ilikuwa nzuri.

Ijumaa, 24 Aprili

Mia na ishirini imegoma. Uzito wa kupashia mwili moto! Nimekaa kwenye tope na kulia, naandika wazi kwa sababu daftari halina mdomo.

Na kama hilo halitoshi, mchana aliingia dukani Violeth. Violeth mwenyewe, na mwavuli mwekundu.

"Mambo, Hyasinta?"

"Poa. Karibu."

"Nataka mita nne za kitambaa kizuri. Nashona gauni la Mwanza."

Nikamshushia majora. Alichagua saa nzima: hiki kinang'aa mno, hiki kama pazia, kile nigeuzie. Nikamshushia yote huku natabasamu mpaka mashavu yakauma. Mwisho akachukua cha kwanza kabisa.

"Mwaka jana ulinyanyua mara ngapi?" nikamwuliza nikimkatia. "Ulikuwa umeshashinda kwenye jaribio la pili, ukanyanyua la tatu la nini?"

"Mimi nikipewa majaribio matatu nanyanyua matatu," akasema. "Sijawahi kuacha zamu yangu mezani. Watu wamekuja kutazama."

Akaondoka. Nilitaka kumchukia vizuri, lakini jibu lile lilinipendeza. Ningelisema mimi.

Jumapili, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Sikwenda uani. Nimefikiria kujitoa.

Jumanne, 28 Aprili

Hii ni ndefu, na kalamu itaisha.

Leo niliamua kwenda mara ya mwisho, chuma kikigoma nimwambie Mzee Bushiri alifute jina langu. Mvua ilikuwa imekatika. Nilipofika tu, Khalfani akaingia na kifurushi cha samaki kwenye gazeti. Fikirini ametoka hospitali, ameomba ajaribu jioni moja aone kama atamudu.

"Mambo, Hyasinta?"

"Poa."

"Poa gani hiyo yenye sura ya kitunguu?"

Nikamwambia yote: mbio, kugoma, saruji, mizani. Kwenye mizani akashika tumbo kwa kucheka, nami nikacheka pia, mara ya kwanza tangu Pasaka. Nilikuwa nimemkumbuka. Sikuwa najua mpaka aliponicheka.

Tukaanza. Nikanyanyua mia na kumi, nikampangia chuma chake kama sheria inavyosema, nikasimama karibu naye. Akapaka chaki. Akainama. Halafu akasimama tena.

"Yule mama wa vichwa. Sijakwambia ya Jumamosi."

"Khalfani, fupisha."

Wapi! Watu wa Feri wana maneno yao, akasema. Wengine wanasema ana hoteli ya supu Masaki. Wengine wanasema ana paka arobaini. Jumamosi Fikirini alitoka hospitali kwa ruhusa akataka kulifuata gari la yule mama kwa bodaboda, bodaboda ikazimika kwenye dimbwi, akarudi kulazwa. Ndipo Khalfani akanyanyua. Nikapanga changu, mia na ishirini. Kikapanda. Sikuelewa. Nikampangia Khalfani, naye akaendelea: yule mama ana pete tatu, dereva wake hula karanga. Akanyanyua. Nikapanga mia na thelathini, nikajiambia nikiguse tu nione.

Kikapanda mpaka mapajani. Nikasimama nacho wima, nimeutolea macho ukuta wenye ukungu, na nilikuwa na nguvu ya kukipandisha tena. Nikakipandisha tena.

Khalfani akapiga makofi. "Mbona ulisema kimegoma?"

Nikakaa chini. Kitu gani leo kimebadilika? Chakula kile kile, viatu vile vile, saruji ile ile. Kilichobadilika ni huyu mtu na mdomo wake. Nikahesabu: tangu nilipokiweka chini mpaka nilipokishika tena, hadithi ilikuwa imetoka Feri ikaenda Masaki ikarudi hospitali. Dakika tano, sita. Peke yangu navuta pumzi kumi.

Nilimwuliza, "Khalfani, hivi unadhani ulikuwa unanichelewesha siku zote zile?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unasema."

Dukani tuna kanga zinazosema haraka haraka haina baraka. Nimeziuza kwa dazani, nimezikunja kwa mikono yangu hii, na sikuwahi kuzisoma kama zinanihusu.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimejaribu kwa makusudi, nisije nikawa nimelogwa na furaha. Kwa uzito mdogo, pumzi kumi zinatosha, unatoka jasho na unapata stamina. Kwa uzito mkubwa, pumzi kumi ni kujiibia. Dakika mbili, chuma kinatikisika na kubaki. Dakika tano, kinapanda. Nimerudia mara mbili, majibu yale yale.

Shida moja: peke yangu siwezi kukaa. Fikirini hakumudu, Khalfani amerudi kwenye karai asubuhi na jioni. Nimeweka saa ya simu, nikawa naitazama kama mtu anayengoja maji ya bomba, na kabla haijafika dakika ya tatu nimeshasimama.

Jumamosi, 2 Mei

Nimempigia Khalfani kumweleza. Nikasikia mafuta yakichemka nyuma yake. Akafikiri, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

"Nitakurekodia sauti," akasema. "Ukiweka chuma chini unafungua moja. Nikisema 'haya', ndiyo unyanyue. Kabla ya 'haya' usiguse kitu, sawa?"

"Na zisiwe fupi."

Akasogea mbali na karai. "Hyasinta, hebu rudia hapo."

Sikurudia.

Jumatatu, 4 Mei

Ujumbe wa sauti sita, kila mmoja na mafuta yake yanayochemka. Mia na thelathini na tano.

Ijumaa, 8 Mei

Mzee Bushiri anatoka ndani na kiti chake kuja kusikiliza. Anasema anataka kujua kuhusu paka.

Jumatatu, 11 Mei

Mia na arobaini! Uzito uliompa Violeth ushindi mwaka jana. Nimemrekodia Khalfani mlio wa chuma kikitua.

Ijumaa, 15 Mei

Mvua inapungua. Beno na Samson wamerudi, foleni imerudi, na nimesimama mkiani nikiwa nimetulia. Samson ameuliza kama naumwa.

Mzee Bushiri, atakayekuwa msaidizi wangu, amenikalisha tukapitia kanuni. Pale ukumbini chuma hakishuki, kinapanda tu. Kila mtu anataja uzito anaoutaka, mwenye uzito mdogo anatangulia. Majaribio ni matatu. Na kama uzito uliotaja unakufanya ujifuate mwenyewe, bila mtu katikati, unapewa dakika mbili. Ndivyo nilivyokufa mwaka jana. Nilishindwa mia arobaini na moja, nikaitaka tena palepale kwa hasira, dakika mbili zikaisha, nikashindwa tena. Nilidhani ni bahati mbaya. Nilijimaliza mwenyewe.

Jumatano, 20 Mei

Mia arobaini na tano, mara moja. Sasa napumzika mpaka Jumamosi. Bi Sitara amekodi mbebaji wa majora kwa siku tatu. Sikumwomba.

Ijumaa, 22 Mei

Khalfani hawezi kuja kesho, Jumamosi ndiyo siku kubwa ya karai. Nimemwuliza sasa yule mama anapeleka wapi vichwa.

"Sijui. Sijawahi kumwuliza, naona haya. Lakini kesho atakuja. Wewe ukinyanyua kwako, na mimi namwuliza kwangu."

Jumamosi, 23 Mei

Mikono imechunika, naandika polepole.

Ukumbi ulikuwa Ilala, umejaa. Mlangoni mwa chumba cha wachezaji walichukua simu zote. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilimtazama Mzee Bushiri, naye akanitazama.

"Basi leo hakuna paka," akasema.

Walianza wanane. Mpaka chuma kinafika mia thelathini na tano tulibaki wawili, mimi na Violeth, kama mwaka jana. Sisi wawili tulikuwa hatujakigusa bado. Violeth akanyanyua mia thelathini na nane, akabusu viganja vyake. Nikanyanyua mia arobaini na mbili, watu wa Kariakoo wakapiga vifuniko vya sufuria. Violeth akanyanyua mia arobaini na tatu upesi. Nilikuwa nimeshataja mia arobaini na nne. Tungekuwa bado wanane, zamu ingezunguka taratibu. Sasa tulikuwa wawili tu na jina langu likaitwa kabla moyo haujatulia. Nikaenda. Kikafika magotini, kikasimama hapo, kikarudi chini.

Nilikaa kwenye benchi na hapo ndipo palikuwa na mashindano yote. Nina jaribio moja, Violeth anaongoza, naye ana jaribio moja. Nikirudia mia arobaini na nne, ninajifuata mwenyewe, dakika mbili. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unatetemeka.

"Rudia hiyo hiyo," alisema Samson aliyekuwa nyuma yangu. "Umeikosa kidogo tu."

"Nitaikosa kidogo tu tena," nikasema. "Mzee, watajie mia arobaini na saba."

Mzee Bushiri akageuka mzima mzima. "Hujawahi kuigusa."

"Nikitaja hiyo, Violeth ana nafasi ya kupita mbele yangu. Akipita, napata zamu yake nzima ya kupumzika."

"Na asipopita? Anaongoza, mwanangu. Anaweza kukaa akanywa maji akakutazama unajifuata na mlima huo."

"Atapita," nikasema. "Hajawahi kuacha zamu mezani."

Mzee akaenda kutaja. Upande wa pili nilimwona kocha wa Violeth, Augustino, akimshika mkono, akimwambia kwa vidole: kaa, kaa, umeshashinda. Violeth aliusikia uzito niliotaja, akanitazama. Nikamtazama. Nikagonganisha viganja mara moja, taratibu, kumkaribisha. Akautoa mkono wa kocha kama anavyotoa jora asilolitaka, na mtangazaji akasema: Violeth, mia arobaini na sita.

Nikaegemea ukuta, nikafumba macho. Sikuwa na simu lakini nilikuwa na kichwa. Nikaanza mwanzo, kwa mwendo wa Khalfani, bila kuruka kitu: gari jeupe linaingia, dereva anatema ganda la karanga, anashuka mama mwenye pete tatu, anageuza uso. Violeth alipaka chaki, akakaza mkanda, akaomba, akaulegeza, akaukaza tena. Kwa mara ya kwanza niliyapenda maringo yake kwa moyo wote. Fikirini alikuwa ameshapanda bodaboda niliposikia ukumbi unalipuka. Amenyanyua. Mia arobaini na sita, safi.

Vizuri. Wakaongeza kilo, wakafuta chaki, wakaniita. Nikaingia polepole, nikasimama juu ya chuma. Mguu ulikuwa umetulia. Bodaboda ikazimika kwenye dimbwi. Watu walikuwa wanapiga kelele nyanyua, nyanyua, nami nikangoja mpaka nikasikia ndani yangu, pamoja na mafuta yanayochemka: haya.

Kilifika magotini na kutaka kubaki pale pale kilipobaki mwanzo. Nikakikatalia. Nilikipandisha kwa mgongo, kwa meno, na nadhani kwa kitu kingine ambacho bado sina jina lake, mpaka nikasimama wima na taa tatu nyeupe za waamuzi zikawaka. Nililia mbele ya watu mia tano na sikujali.

Violeth alikuja na chaki usoni. "Ulitaka nipite makusudi."

"Makusudi."

"Mshenzi wewe," akasema, akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. "Njoo wiki ijayo ulichukue lile gauni. Litakukaa."

Jumapili, 24 Mei

Baada ya Misa ya kwanza nilikwenda Feri. Jua limetoka, masika imekwisha. Khalfani alikuwa nyuma ya karai, na habari alikuwa nazo tangu jana, mtaa mzima ulimpigia. Alifuta mikono akanipa kichwa cha changu, kikubwa kuliko vyote.

"Jana alikuja," akasema. "Nikamwuliza."

"Akasema nini?"

"Subiri. Kwanza ujue jana gari halikuwa lile jeupe. Nami nikajiuliza, mbona leo gari ni jingine, na dereva je, na yeye ni mwingine, au..."

Mgongo ulikuwa unaniuma, na mpaka Mwanza hakuna chuma kinachoningoja. Nikavuta kreti la samaki, nikalifuta kwa kanga, nikakaa. Sikumwambia afupishe.